Kivuli cha mwembe na sarafu ya mwaka 1916

Mwezi wa Oktoba hapa Tabora jua huwa kali kiasi kwamba ifikapo saa nne asubuhi kuku wameshajibanza chini ya maghala na mbuzi wamesimama ukutani wakihema. Mvua bado haijanyesha, miombo imeanza kuchipua majani mekundu juu ya ardhi iliyo ngumu kama tofali la kuchoma, na joto la mchana hupita nyuzi 30 siku baada ya siku. Hata hivyo huu ndio mwezi tunaoutegemea sisi watatu tunaotembea na detekta, mashine ya kutafutia metali iliyofukiwa ardhini, kwa kuwa mavuno yameshatoka, mabua yameshaliwa na ng'ombe, na wenye mashamba hawajaanza kupiga matuta ya msimu mpya. Koili ya detekta, yaani ile duara ya nyaya iliyo mwishoni mwa fimbo yake, inataka kupita karibu kabisa na ardhi, jambo ambalo haliwezekani katika shamba lenye nyasi za kufika kiunoni.

Mwenzetu wa kwanza ni fundi redio mwenye kibanda karibu na soko. Wa pili ni mwendesha bodaboda ambaye miaka ya nyuma alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Nzega, na mashine tunayoitumia ni yake, aliyobaki nayo alipoacha machimbo. Mimi ni mwalimu wa historia, na marehemu baba yangu alifanya kazi katika karakana ya reli hapa mjini mpaka alipostaafu. Nalitaja hilo la karakana kwa sababu litarudi mbele.

Watu wengi wanaotukuta njiani huamini kwamba detekta inaona kilicho chini ya ardhi. Haioni, inasikiliza. Koili iliyo mwishoni mwa fimbo hupitishiwa umeme unaobadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa hiyo huzungukwa na nguvu ya sumaku inayobadilika kwa kasi hiyo hiyo. Sumaku hiyo ikifika kwenye kipande cha metali, ndani ya kipande hicho huzaliwa mikondo midogo ya umeme ambayo nayo hutoa sumaku yake dhaifu, kisha koili ya pili huipokea na mashine huigeuza kuwa mlio. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri na hulia kwa sauti ya juu iliyo safi, wakati msumari wenye kutu hulia kwa sauti ya chini iliyokatikakatika. Shida yetu huku ni udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa Unyamwezi una oksidi nyingi za chuma ambazo huijibu koili karibu kama metali ingejibu, kwa hiyo kabla ya kuanza ni lazima kuisawazisha mashine na ardhi, yaani kuinyanyua na kuishusha koili juu ya sehemu isiyo na kitu mpaka ule mvumo wa udongo unyamaze.

Usawazishaji huo ndio unaoharibiwa na jua. Koili nyeusi iliyoachwa juani kwa nusu saa hupata moto wa kuchoma kiganja, vipimo vya ndani huanza kuhama kidogo kidogo, na mashine iliyokuwa tulivu saa moja asubuhi huanza kulialia saa tatu bila sababu inayoonekana. Fundi wetu amelitafutia jambo hili dawa rahisi: ameishonea mashine kifuniko cha kitambaa cheupe, na kila baada ya dakika ishirini hivi anatusimamisha ili tuisawazishe upya. Betri za akiba za lithiamu hazikai kwenye kiti cha pikipiki hata kidogo; zinafungwa ndani ya kanga na kuwekwa kikapuni, chini ya mti. Kwa kuchimbia tunatumia mwiko wa fundi uashi badala ya sururu, kwa sababu sururu hupasua sarafu kabla hujajua kwamba ilikuwapo, na jeraha la chuma kwenye sarafu ya miaka mia moja halitibiki.

Mwili nao una sheria zake. Mwaka jana nilipuuza, nikaendelea kutembea mpaka saa saba mchana kwa sababu mlio mmoja mzuri ulikuwa umenipa tamaa, na nilipoinama kuchimba nikaona giza, nikakaa chini ghafla, mikono ikawa baridi ilhali mgongo ulikuwa unaungua. Wenzangu walinikokota hadi kivulini, wakanimwagia maji kichwani, na kwa muda mrefu nilikuwa nikinywa maji yaliyotiwa chumvi kidogo na sukari kabla sijaweza kusimama. Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, tunaacha saa nne, na hakuna anayeongeza dakika. Kila mtu ana dumu lake la lita tano na kofia pana ya ukili, na vipokea sauti vya masikioni tunapokezana ili jasho lisitie mmoja wetu vidonda.

Inafaa pia nieleze jinsi tunavyoruhusiwa kufanya haya, maana wapo wanaodhani kwamba mtu akinunua mashine basi nchi yote ni yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kwa ajili ya kutafuta mabaki ya kale kunahitaji leseni. Sisi hatuchimbi makaburi wala mahame, na tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, hatulisogelei na mashine hata kwa mbali. Tunatembea kwenye udongo ambao plau imeshaupindua mara nyingi, kwa idhini ya mwenye shamba na kwa kumjulisha mwenyekiti wa kitongoji, hatuendi chini zaidi ya kina cha jembe, na kila kitu tunachookota kinaandikwa kwenye daftari: siku, umbali kutoka mti fulani, kina chake. Kinachopatikana ni cha mwenye shamba. Siku tukikuta kitu chenye sura ya bomu au risasi kubwa ambayo haijalipuka, mwiko utawekwa chini, mahali patawekewa alama na polisi wataitwa.

Pamoja na hayo yote, hakuna asubuhi inayopita bila mtu kusimamisha baiskeli na kutuuliza kwa sauti ya chini: "Vipi, mmeipata mali ya Mjerumani?"

Habari za mali ya Mjerumani zimeenea nchi nzima, na kwetu Tabora zina mizizi mirefu. Husemwa kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia masanduku ya dhahabu, wakaacha alama kwenye miti na mawe, na kwamba wajukuu wao huja na ramani. Nimeonyeshwa nguzo ya saruji iliyofukuliwa shambani ikidaiwa kuwa ni mlango wa hazina, kumbe ni bikoni ya wapima ardhi, na kung'olewa kwake kumewaachia majirani wawili ugomvi wa mpaka. Nimekaa na mama mmoja ambaye mumewe aliuza ng'ombe wanne ili kulipia "rupia yenye nguvu", sarafu ambayo mtu fulani alimwambia kwamba huvuta punje za mchele na kwamba tajiri wa Dar es Salaam angeinunua kwa mamilioni. Yule mtu hakurudi. Rupia ilibaki, nami niliishika mkononi: ilikuwa bati lililopakwa rangi. Ndiyo maana jambo hili linaniuma, na ndiyo maana nilifurahi mwenzetu wa bodaboda alipolileta mwenyewe Jumamosi iliyopita, tukiwa tumekaa chini ya mwembe baada ya saa nne.

"Mwalimu," aliniambia huku akijipepea kwa kofia, "na wale maharamia wa baharini, si walifukia masanduku kweli? Kama wao walifukia, Mjerumani angeshindwa nini?"

Nilimjibu kwamba katika maharamia wote mashuhuri, yule ambaye habari ya kufukia mali imethibitika vizuri ni Kapteni William Kidd. Mwaka 1699 alificha sehemu ya mali yake katika kisiwa cha Gardiners, karibu na New York, akitumaini kuitumia kujadiliana na wakubwa. Haikukaa ardhini muda mrefu: serikali iliifukua upesi na kuipeleka Uingereza iwe ushahidi, naye akanyongwa London tarehe 23 Mei 1701. Kisa hicho kimoja ndicho kilichochochea hadithi nyingi za ramani na masanduku, wakati ukweli ni kwamba maharamia wengi walikuwa mabaharia maskini waliogawana nyara zao na kuzitumia haraka, kwa kuwa hawakujua kama mwaka ungeisha wakiwa hai.

Kisha nikawasimulia kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaanzia katika bahari yetu hii ya Hindi na kinamalizika mikononi mwa mtu mwenye detekta. Mwezi Septemba mwaka 1695 haramia Mwingereza aitwaye Henry Every aliivamia meli ya Ganj-i-Sawai, mali ya Mfalme Aurangzeb wa India, iliyokuwa ikirudi Surat na mahujaji waliotoka Makka. Meli ilikuwa imebeba dhahabu na fedha nyingi mno, na abiria wake walitendewa ukatili kwa siku kadhaa. Every alitafutwa duniani kote, baadhi ya watu wake wakanyongwa London mwaka 1696, lakini yeye mwenyewe alipotea na hakukamatwa kamwe. Zikapita karne tatu. Mwaka 2014, katika shamba la miti ya matunda huko Middletown, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, mtu mmoja aliyekuwa akitafuta kwa detekta kama sisi alichimbua sarafu ndogo ya fedha yenye maandishi ya Kiarabu. Ilipochunguzwa ikaonekana imegongwa Yemen mwaka 1693. Baada ya hapo sarafu nyingine za namna hiyo zikatambuliwa sehemu mbalimbali za pwani ile, na wengi sasa wanaamini kwamba baadhi ya watu wa Every walifika huko na nyara zao na kuishi kimya kimya miongoni mwa wakulima.

"Kwa hiyo alifukia," akasema mwenzetu wa bodaboda.

"Hapana, kaka," fundi akamjibu kabla yangu. "Sarafu moja, shambani, chini ya miti. Hiyo imedondoka mfukoni."

Fundi aliusema kwa maneno machache ukweli ambao mimi nimeuzunguka kwa miaka. Mtu akificha kitu, hukumbuka alipokificha na hukirudia. Tunachookota sisi ni kile ambacho mtu hakujua kwamba kimemtoka. Basi swali la kujiuliza ni mahali gani watu walikaa muda wa kutosha, wakiwa wamechoka, wakajinyoosha, wakafungua vifurushi, wakalipana, wakalala, wakaamka gizani na kuondoka kwa haraka. Na katika nchi yenye jua kama hili, jibu ni pale penye kivuli na maji.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba, walijitwika mizigo iliyoweza kufika frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Misafara iliondoka alfajiri na kwa kawaida ilipiga kambi kabla jua halijawa la utosi, kwa sababu ile ile iliyotukalisha sisi chini ya mwembe saa nne. Miembe yenyewe ililetwa na njia hizo hizo, ikapandwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, na mpaka leo ukiangalia safu za miembe mikongwe hapa Tabora na kule Ujiji unaziona njia za misafara kana kwamba zimechorwa. Mashine yetu haina akili kushinda mpagazi aliyechoka. Tukitembea katikati ya shamba, mbali na mti, tunaokota vifuniko vya soda na vipande vya waya wa uzio. Tukifika umbali wa hatua ishirini kutoka kwenye shina, daftari huanza kujaa.

Mpaka sasa shamba lile limetupa kipande cha masango kilichosokotwa vizuri na fundi aliyejua kazi yake, ganda la risasi, vifungo viwili, na ncha ya jembe la kufuliwa kienyeji. Na Jumamosi hiyo, hatua kumi na tatu kusini ya mwembe, kwa kina cha kiganja, lilitupa sarafu.

Ilitoka na bonge la udongo mwekundu, nami niliiosha kwa maji ya dumu peke yake, bila kuisugua kwa majivu wala ndimu, kwa kuwa ule ukungu wa kijani ndio ngozi yake na ukiuondoa umeiharibu. Ni pana, nzito, ya shaba ya manjano. Upande mmoja kuna taji, chini yake mwaka 1916, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), na chini kabisa herufi T iliyosimama peke yake. Upande wa pili imeandikwa 20 HELLER; heller mia moja zilifanya rupia moja. Ukingo haukukaa sawasawa na taji limegongwa kwa mshazari, kazi ya watu waliokuwa na haraka na vyombo visivyotengenezwa kwa shughuli hiyo. Ile T ni Tabora. Sarafu ilitengenezwa katika karakana ya reli, katika mji ule ule ambao baba yangu alivaa ovaroli kwa miaka yote ya utu uzima wake.

Habari yake inafahamika vizuri. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, meli za Uingereza ziliifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na fedha haikuweza tena kuja kutoka Ulaya. Askari na wapagazi walitaka malipo, vyakula vilitaka kununuliwa, na noti za karatasi wananchi hawakuziamini. Ndipo mitambo ikawekwa kwenye karakana ya Tabora, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1912, zikagongwa sarafu za heller 5 na 20 kwa shaba, na mwaka 1916 zikagongwa sarafu 16,198 za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima na ile ile herufi T. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke, upande wa Singida. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini.

Nilimwambia mwenzetu wa bodaboda aitazame sarafu ile halafu anijibu mwenyewe. Serikali iliyofikia kuyeyusha shaba ili iwalipe wapagazi, na kuigonga dhahabu ya Sekenke sarafu moja moja ili iitumie mara moja, ingeacha masanduku ya kufukia wapi? Dhahabu ile ilitoka kwa ajili ya kulipa na kununua, na zilizosalia leo ziko kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji wa sarafu duniani kote. Alikaa kimya akiigeuza kwenye mwanga, akaikwaruza ile T taratibu kwa kucha, kisha akasema kwamba kule machimboni alilipa fedha yake mara mbili kwa watu waliodai kuwa na ramani. Hakuwa amewahi kutuambia.

Mzee mwenye shamba alifika tukiwa bado hapo, na fimbo yake na kibuyu cha maji. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akatuuliza kwa Kinyamwezi kama kweli tumeamka salama, kwa kuwa nyuso zetu zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Nilimkabidhi sarafu kwa mikono miwili na kumweleza ilivyopatikana. Aliisogeza karibu na jicho lake la kulia, ambalo ndilo linaloona, akaipima uzito kiganjani, akasema kwamba babu yake alikuwa mpagazi na kwamba zamani nyumbani kwao kulikuwa na nyingine kama hii, ambayo watoto waliichezea mpaka ikapotea.

"Hapa mmetafuta vizuri, wanangu," alisema. "Lakini mwembe huu ni mdogo. Mkubwa ulikuwa kule."

Alitangulia na fimbo yake, jua likiwa juu ya utosi, nasi tukamfuata bila kukumbuka kanuni yetu ya saa nne. Alivuka matuta ya mwaka jana, akapita kichuguu, akasimama mahali ambapo hapakuwa na kitu ila udongo mtupu na mabaki ya mabua. Akatueleza kwamba mwembe wa hapo ulianguka kwa upepo yeye akiwa mtoto, ukapasuliwa kuni, na kwamba kisima cha zamani kilikuwa pale panapoota majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Akaizungusha fimbo hewani, polepole, kuonyesha kivuli kilifika wapi asubuhi na kilihamia wapi alasiri.

Mwenzetu wa bodaboda alikuwa akiokota mawe na kuyapanga kufuata fimbo ya mzee. Fundi aliandika kwenye daftari. Tutarudi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla mvua haijaanza na kabla mzee hajaingiza plau, nasi tutaanzia upande wa magharibi, ambako kivuli kilikaa asubuhi, wakati misafara ilipokuwa ikifika.